Sehemu ya athari katika ombi la ufadhili wa utafiti: Nani atafanya nini tofauti?

Miongoni mwa sehemu zinazowatoa jasho watafiti wanaoomba pesa za utafiti, ni chache zinazowashinda kama ile inayomtaka mwombaji aeleze athari ya kazi yake. Mtafiti anayeweza kujadili nadharia kwa kurasa kumi bila kusita hufika hapo akapwaya. Mada ameielewa, mbinu za kukusanya data amezipanga, marejeleo yamejaa. Lakini akiulizwa, "Utafiti huu ukikamilika, ni nini kitakachobadilika, na kwa nani?" hujibu kwa sentensi ambayo wasomaji wa tasnifu zetu wanaijua kwa ghibu: "Utafiti huu utakuwa wa manufaa kwa walimu, wanafunzi, wakuza mitaala, watunga sera na watafiti wa baadaye."

Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi. Tatizo ni kwamba haisemi lolote. Ichomoe kwenye pendekezo kuhusu ngeli za Kiswahili, uipachike kwenye pendekezo kuhusu tamathali za usemi katika taarabu, haitageuka hata kidogo. Sentensi inayoweza kukaa popote haina kwao.

Katika tasnifu ya chuo kikuu, udhaifu huo aghalabu husamehewa. Msimamizi ataupigia mstari, mwanafunzi ataongeza neno moja au mawili, na kazi itaendelea. Katika ombi la ufadhili hali ni tofauti. Hapo sehemu ya athari hupewa alama, na alama hizo ndizo zinazoamua nani apate pesa na nani arudi nyumbani mikono mitupu.

Chukua mpango wa ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Horizon Europe, unaotekelezwa kati ya 2021 na 2027 na ambao vyuo vya Kenya vinaweza kushiriki. Kwa kawaida, maombi hupimwa kwa vigezo vitatu: ubora wa kitaaluma, athari, na utekelezaji. Kila kigezo hutolewa alama kati ya 0 na 5. Kwa hivyo athari ni thuluthi nzima ya mtihani. Nchini Marekani, Wakfu wa Taifa wa Sayansi (NSF) umekuwa ukipima maombi kwa vigezo viwili tangu 1997: thamani ya kitaaluma na athari pana kwa jamii. Uingereza nayo, katika zoezi la kutathmini utafiti ambao tayari umefanywa vyuoni, iliipa athari uzito wa asilimia 20 mwaka 2014, kisha ikaupandisha hadi asilimia 25 mwaka 2021.

Hapa nyumbani, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti (NRF) na kusema kwamba kila mwaka wa kifedha hazina hiyo itengewe pesa sawa na asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi kinachotolewa kimekuwa chini mno ya kiwango hicho. Chungu kikiwa kidogo na wanaotaka kupakuliwa ni wengi, mwenye kijiko hana budi kuuliza: huyu nikimpa, wananchi watapata nini?

Swali hilo huwaumiza zaidi watafiti wa lugha na fasihi. Anayetafiti dawa ya malaria hahitaji maneno mengi kumshawishi mtathmini kwamba malaria inaua. Anayetafiti Kiswahili huanza akiwa nyuma hatua kadhaa, kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba lugha ni pambo tu. Akijibu swali la athari kwa maneno matupu, huwa amewapa hoja wanaotaka kumnyima.

Neno lenyewe

Kabla ya kuzungumzia mbinu, hebu tulitazame neno tunalolitumia. "Athari" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako "athar" ni alama au unyayo unaobaki baada ya mtu au kitu kupita. Katika Kiswahili cha kila siku, neno hili limeegemea upande wa mabaya. Tunasema athari za ukame, athari za mihadarati, athari za mafuriko. Aliyeathiriwa ni wa kuonewa huruma. Ndiyo maana wanahabari huwaita walionusurika mkasa "waathiriwa". Mwombaji akiandika kwamba "wakulima 2,000 wataathiriwa na utafiti huu", huenda mtathmini akashawishika kuwapigia polisi simu badala ya kuutolea pesa.

Kwa sababu hiyo, wapo wanaopendelea "manufaa", "tija" au "mchango". Maneno hayo ni mazuri, ila yana hatari yake: yanasifu kabla ya kueleza. Ukishasema "manufaa" unahisi umemaliza kazi. Kwa upande wangu naona maana ile ya asili ya unyayo inatusaidia zaidi. Unyayo una mwenyewe, una mahali ulipo, na mtu mwingine anaweza kwenda kuuona. Anayedai kwamba utafiti wake utaacha athari anapaswa kuonyesha ni katika udongo upi, na mpita njia atautambuaje.

Zao, badiliko, athari

Kosa linalojirudia sana ni kuchanganya vitu vitatu vinavyofuatana lakini visivyo sawa. Cha kwanza ni zao la utafiti: makala katika jarida, kitabu, kamusi, programu ya kompyuta, warsha. Cha pili ni badiliko: mtu fulani nje ya kundi la watafiti anapolichukua zao hilo na kufanya jambo kwa namna ambayo hakuifanya awali. Cha tatu ni athari yenyewe: hali ya maisha, afya, elimu, mazingira au uchumi inayobadilika kwa sababu watu wamefanya jambo hilo kwa muda wa kutosha.

Mfano mzuri tunao karibu. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kilishirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza na wa taasisi ya kilimo ya humu nchini kutafuta dawa ya matatizo mawili ya mahindi katika eneo la Ziwa Viktoria. La kwanza ni viwavi wanaotoboa mabua. La pili ni gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo na ambalo hufyonza mmea kupitia mizizi.

Walichogundua ni mpangilio wa mimea. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, jamii ya kunde ambayo harufu yake huwafukuza nondo wanaotaka kutaga mayai kwenye mahindi. Kandokando ya shamba hupandwa mabingobingo, ambayo huwavuta nondo hao wakatage huko, na viwavi wengi wanaoanguliwa hapo hufa. Mizizi ya desmodiamu nayo hutoa kemikali zinazoizuia striga. Mbinu hiyo ikaitwa vuta-sukuma.

Sasa, tujiulize: athari iko wapi hapo? Kugundua kwamba harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ni zao. Unaweza kulichapisha katika jarida bila mkulima hata mmoja kujua. Mkulima wa Vihiga au Siaya kung'oa mpangilio wake wa zamani na kupanda huu mpya ni badiliko. Familia yake kuvuna mahindi zaidi, na ng'ombe wake kupata lishe kutokana na desmodiamu na mabingobingo hayo hayo, ndiyo athari.

Baina ya zao na badiliko kuna bonde, na ndani ya bonde hilo ndimo maombi mengi ya ufadhili hutumbukia. Mkulima hatapanda desmodiamu kwa sababu makala imechapishwa London. Anahitaji mbegu, na mbegu hiyo haikuwa ikiuzwa katika kila duka la pembejeo. Anahitaji mikono ya kupalilia msimu wa kwanza desmodiamu inaposhika. Anahitaji kuona kwa macho yake shamba la jirani lililofanikiwa. Isitoshe, desmodiamu hukaa ardhini miaka mingi, kwa hivyo aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu kubwa ya kuihangaikia. Ndiyo maana kazi hiyo haikuishia maabara: palikuwa na siku za wakulima mashambani na wakulima waliowafundisha wenzao. Baadaye, watafiti walitafuta aina za desmodiamu na nyasi zinazostahimili ukame ili mbinu ifae maeneo makavu pia.

Sehemu ya athari inayoshawishi ni ile inayolitaja bonde hili waziwazi na kueleza daraja litajengwa wapi. Mtathmini hatarajii mwombaji awe nabii. Anachotaka kujua ni iwapo mwombaji amewahi kulisogelea bonde hilo akachungulia.

Sarufi ya ahadi

Tuuchukue mfano wa kubuni kutoka taaluma yetu ya lugha. Tuseme mtafiti wa isimu anataka kuchunguza jinsi wagonjwa wanavyoyaelewa maagizo ya dawa yaliyoandikwa au kutamkwa kwa Kiswahili katika vituo vya afya vya kaunti moja ya Pwani. Mada si ndogo. Mgonjwa akiambiwa ameze dawa "kutwa mara tatu", je, anaelewa kila baada ya saa nane, usiku ukiwemo, ama anaelewa mara tatu kabla jua halijatua? Kwani kutwa, katika Kiswahili, si usiku. Ndiyo maana tukitaka kuujumuisha usiku tunasema kutwa kucha. Na bahasha ikiandikwa "2x3" pekee, ni nani aliyemfundisha bibi kizee kuisoma hesabu hiyo?

Rasimu ya kwanza ya sehemu yake ya athari yaweza kusema hivi: "Matokeo ya utafiti huu yatatumiwa na wadau wa sekta ya afya kuimarisha mawasiliano, na hivyo kuchangia katika kufanikisha lengo la afya kwa wote."

Sentensi hii ina kasoro tatu, na zote tunaweza kuzieleza kwa sarufi tuliyofunzwa shuleni.

Kasoro ya kwanza ni kauli ya kutendwa. "Yatatumiwa" ni kitenzi kinachomficha mtendaji au kumsukuma nyuma ya sentensi. Hapa mtendaji ametajwa kwa jina la "wadau", neno ambalo siku hizi linabeba kila mtu na halimbebi yeyote. Mdau gani? Nchini Kenya, vituo vya afya na famasia za kaunti ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Udhibiti wa dawa na wa taaluma ya famasia uko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Wahudumu wengi wa famasia hupata stashahada zao katika chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC. Hizo ni ofisi tatu, zenye mamlaka tatu tofauti. Inayoweza kubadilisha bahasha ya dawa si lazima iwe ndiyo inayoweza kubadilisha mafunzo ya anayeiandika bahasha hiyo. Mwombaji anayezitenganisha ofisi hizi ameonyesha tayari kwamba anaijua ardhi anayotaka kuikanyaga. Kanuni ni hii: geuza sentensi iwe katika kauli ya kutenda, umpandishe mtendaji mwanzoni, na umpe jina la cheo au ofisi.

Kasoro ya pili ni vitenzi visivyoonekana. Kuimarisha, kuchangia, kukuza, kuboresha, kufanikisha: hivi ni vitenzi vya jukwaani. Hakuna aliyewahi kumpiga picha mtu akiwa katikati ya kuchangia katika kufanikisha. Vilinganishe na kuandika, kuchapisha, kumeza, kusoma, kuuliza, kununua, kufuta. Kitenzi kinachoonekana kinaweza kuhesabiwa, na kinachohesabika kinaweza kufuatiliwa. Mhudumu wa famasia kuandika saa ya kumeza dawa kwa maneno badala ya tarakimu ni tendo. Mtu yeyote anaweza kwenda dirishani akaliona.

Kasoro ya tatu ni matumizi ya "-ta-" bila sharti. Kiswahili kimetupa "-ta-" ya wakati ujao, na watafiti wanaipenda kupindukia: yatatumiwa, itaboresha, watafaidika. Lakini lugha hii imetupa pia "-ki-" ya masharti na "-sipo-" ya ukanushi wake. Anayeandika "-ta-" pekee anatoa ahadi, na ahadi ni deni. Anayeandika "-ki-" anaeleza ni jambo gani lazima litangulie ili lingine lifuate. Watathmini wazoefu humwamini zaidi huyu wa pili, kwa sababu amefikiri juu ya njia na si juu ya mwisho wa safari tu.

Rasimu iliyofanyiwa kazi

Hebu tuone sehemu hiyo hiyo ikiandikwa upya:

"Kwa sasa, wahudumu wa famasia katika vituo 12 tutakavyotembelea huandika maagizo ya dawa kwa tarakimu na vifupisho, kila mmoja kwa mtindo wake. Katika miezi sita ya kwanza tutapima ni wagonjwa wangapi kati ya 360 wanaoweza kueleza kwa usahihi, baada ya kuondoka dirishani, kiasi cha dawa na saa za kuimeza. Wahudumu hao, pamoja na mfamasia wa kaunti, watatunga nasi maelezo mapya ya Kiswahili rahisi na kuyajaribu katika vituo sita, huku vingine sita vikiendelea na utaratibu wa kawaida. Wagonjwa wa vituo vya majaribio wakionyesha uelewa bora, idara ya afya ya kaunti, ambayo barua yake ya ushirikiano tumeiambatisha, itaamua iwapo maelezo hayo yachapishwe kwenye bahasha za vituo vyake vyote. Tofauti isipoonekana, tutaripoti hivyo, na kaunti itaepuka gharama ya kuchapisha bahasha zisizomsaidia mgonjwa."

Aya hii haikutaja mamilioni ya Wakenya. Haikutaja "watunga sera" hata mara moja. Ila mtathmini akiisoma anajua nani atafanya nini, wapi, lini, na dalili ya mafanikio ni ipi. Anajua pia kitakachofanyika mambo yakienda kombo. Hilo la mwisho huwashangaza wengi, kwani tumezoea kudhani kwamba kukiri uwezekano wa kushindwa ni kujidhoofisha. Kinyume chake, utafiti unaoweza kuonyesha kwamba jambo fulani halifanyi kazi unawaokolea watu pesa na muda, na hiyo nayo ni athari.

Je, mtafiti wetu hana ruhusa ya kutaja lengo pana? Anayo, mradi aeleze uzi unaoliunganisha na kazi yake. Dawa za antibiotiki zikitumiwa vibaya, bakteria huzidi kuwa sugu, na Kenya ilizindua mpango wa kitaifa wa kukabiliana na usugu huo mwaka 2017. Mwombaji anaweza kusema kwamba maagizo yanayoeleweka ni kipande kimoja cha vita hivyo, na kwamba yeye atapima kipande hicho tu. Kutaja mpango halisi wenye jina na mwaka kuna uzito kuliko kutaja "sera za serikali" kwa jumla.

Mambo ambayo watathmini huyatafuta

Mbali na sarufi ya sentensi, kuna mambo manne yanayostahili kuzingatiwa.

Kwanza ni hali ya sasa. Huwezi kusema jambo limebadilika iwapo hukulipima kabla. Mwombaji anayeanza sehemu ya athari kwa kueleza mambo yalivyo leo, kwa ushahidi, humpa msomaji mahali pa kusimama. Asiyefanya hivyo hata akifaulu hatakuwa na njia ya kuthibitisha kufaulu kwake.

Pili ni kutofautisha mawasiliano, usambazaji na utumizi. Wengi huandika kwamba watawasilisha matokeo katika makongamano mawili na kuchapisha makala tatu, kisha wanahesabu kwamba athari imekamilika. Kuwafikia wasomi wenzako ni usambazaji. Kuzungumza redioni au kuandika gazetini ili umma ujue ni mawasiliano. Utumizi ni pale mhudumu wa dirishani anapobadilisha anachokiandika. Vyote vitatu vina nafasi, lakini viwili vya kwanza haviwezi kujibu swali la cha tatu.

Tatu ni wakati wa kuwashirikisha watumiaji. Ipo tabia ya kumaliza utafiti kwanza, kisha kuwaita maafisa hotelini kwa siku moja wasomewe matokeo, wanywe chai na waondoke. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mfamasia ambaye hakuulizwa swali la utafiti lilipokuwa likitungwa hana deni la kulitumia jibu lake. Huenda hata angemwambia mtafiti mapema kwamba foleni ya asubuhi haimruhusu kuandika sentensi ndefu kwa kila mgonjwa, ama kwamba wagonjwa wengi wazee wa eneo hilo huelewa Kigiriama vyema kuliko Kiswahili. Habari kama hizo hubadilisha utafiti wenyewe, si sehemu ya athari pekee.

Nne ni bajeti. Mkono mtupu haulambwi. Mwombaji akiahidi kutunga maelezo mapya, kuyajaribu na kuwafunza wahudumu, halafu bajeti yake iwe na tikiti za ndege za kongamano na kipakatalishi tu, mtathmini atajua kwamba ahadi hizo ni hewa. Pesa za uchapishaji, nauli za wahudumu wanaokuja kwenye kikao, mshahara wa msaidizi atakayerudi vituoni baada ya mwaka kuhesabu: vyote viwe ndani ya bajeti na ndani ya ratiba. Wapo watathmini wanaoanza kusoma bajeti kabla ya kusoma aya za athari, na hawakosei.

Mipaka ya athari

Ingekuwa si haki kumaliza bila kusema kwamba si kila utafiti unapaswa kulazimishwa kuahidi bahasha mpya za dawa. Ipo kazi ambayo thamani yake ni kujua. Anayerekodi wazee wanaozungumza Kipate au Chichifundi, lahaja ambazo wazungumzaji wake ni wachache, hawezi kuahidi kupunguza umaskini ifikapo mwaka kesho, wala hapaswi. Waingereza wenyewe, waliokuwa wakiwataka waombaji waandike mpango wa pekee wa njia za kufikia athari, waliuondoa sharti hilo mwaka 2020. Walitaka suala hilo lizingatiwe ndani ya pendekezo lenyewe badala ya kuwa kiambatisho cha kujazwa kwa mazoea.

Hata hivyo, hata mtafiti wa lahaja anaweza kujibu swali letu bila kudanganya. Rekodi zitahifadhiwa wapi, na je, wajukuu wa waliorekodiwa wataweza kuzisikiliza bila kusafiri hadi maktaba ya Nairobi au Ulaya? Nani kijijini atabaki na nakala? Mwalimu wa shule ya hapo akitaka kuwasikilizisha wanafunzi ngano iliyosimuliwa na nyanya yao, ataipataje? Majibu ya maswali haya ni madogo, lakini yana jina la mtu na la mahali.

Tena kuna suala la heshima. Utafiti wowote unaohusu watu huanza kwa kuwaomba muda wao. Mgonjwa anasimamishwa akitoka dirishani, mkulima anaachia jembe, mzee anakatiza usingizi wa mchana. Wengi wao huambiwa kwamba majibu yao "yatasaidia". Kisha mtafiti huondoka, na wao hawasikii lolote tena. Zipo jamii zilizochoka kuhojiwa kwa sababu hiyo, na zina haki. Ahadi iliyoandikwa katika sehemu ya athari si ya mfadhili peke yake. Ni yao pia, hata kama hawataisoma kamwe.

Kwa hivyo, mwandishi wa pendekezo, kabla hujalituma ombi lako, chukua kalamu upitie sehemu ya athari sentensi kwa sentensi. Kila unapokuta "wadau", andika jina la ofisi. Kila unapokuta "kuimarisha" au "kuchangia", weka tendo linaloonekana kwa macho. Kila penye "-ta-", jiulize ni "-ki-" ipi iliyopaswa kutangulia. Sentensi itakayokataa kurekebishika kwa namna hiyo, ifute. Ukibaki na aya moja fupi, usiogope. Aya hiyo ndiyo utakayoulizwa miaka mitatu baadaye, wakati mfadhili, au mgonjwa mwenyewe, atakapotaka kujua ulifanya nini na muda aliokupa.